Kikao cha bajeti cha baraza la madiwani: mlango uko wazi, kabrasha hupewi

Mimi naanika na kuuza dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotua na samaki, hapa mkoani Kigoma. Ushuru nalipa kila nikipakia gunia, kwa hiyo Februari nilifunga biashara siku nzima nikaenda kuona hela hizo zinavyogawanywa. Halmashauri yenyewe siitaji jina.

Kuingia hakuna tabu. Kikao ni cha wazi, na mlinzi aliponiona getini aliuliza tu, "Mama, umekuja barazani?" akanionyesha viti vya nyuma. Mwananchi hachangii, anasikiliza. Hapo sina lawama.

Tatizo ni makaratasi. Kila diwani ana kabrasha la kushika kwa mikono miwili, sisi wa nyuma hatuna hata ukurasa mmoja. Mweka hazina anasema "kama mnavyoona ukurasa wa 42", nasi tunaona migongo ya madiwani. Projekta ilikuwepo, ila dirisha halina pazia, jua lilifuta tarakimu zote ukutani.

Nilichofuata ni choo cha mwalo. Tulikiomba kwenye mkutano wa mtaa, kikapita kamati ya maendeleo ya kata, na muhtasari wenye mhuri niliuona kwa macho yangu: "ujenzi wa choo, matundu sita, na karo la kuoshea samaki". Wakati wa chai diwani mmoja wa viti maalumu alinifungulia kabrasha lake, akaweka kidole kwenye mstari: "Ukarabati wa choo". Ukarabati wa nini? Pale pana shimo lililotitia na mabati matatu. Karo halikutajwa kabisa. Safu ya chanzo cha fedha imeandikwa "mapato ya ndani".

Neno hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Mradi wa mapato ya ndani, yaani hela inazokusanya halmashauri yenyewe, unasubiri makusanyo, na makusanyo yetu sisi ni dagaa na migebuka. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Maana yake robo ya kwanza ilianza mwalo mtupu, chanja za kuanikia dagaa zimekauka, wakusanya ushuru wamekaa tu.

Nashukuru diwani mmoja aliliona. Alisimama akauliza makisio ya ushuru wa samaki ya robo ya kwanza yamepatikanaje. Mweka hazina akapekua, akapekua, akakiri kwamba ni hesabu iliyogawanywa kwa nne. Mwenyekiti akarudisha fungu lile kamati ya fedha. Kwa dakika zile ishirini nilijiona nimewakilishwa kweli.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilijadiliwa vizuri pia. Barabara wengi walilalamikia, lakini hizo ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, si halmashauri, kwa hiyo muda ulipotea.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Muhtasari wa bajeti ubandikwe ofisi za kata wiki moja kabla, nami nitaongeza ya nne. Ukienda, mpigie diwani wako usiku wa kuamkia kikao, na beba nakala ya muhtasari wa kata yako.

Yule mama wa viti maalumu kanipigia juzi: "ukarabati" umefutwa, sasa ni "ujenzi". Karo bado halimo. Kikao cha robo ya kwanza nitakuwepo.