Ghost 11.5 kwenye kompyuta za sasa: inapofaa na inapokwama

Kwa fundi wa Dodoma anayehudumia maabara ya shule au ofisi yenye kompyuta za zamani, Ghost 11.5, programu ya Symantec ya kunakili diski nzima, bado ni chombo cha maana. Mashine zikiwa za aina moja na diski zikiwa za SATA, unaandaa moja, unatengeneza imeji (nakala ya diski nzima ndani ya faili), unaimwaga kwenye zilizobaki. Ni nyepesi, na menyu yake haichoshi. Kasheshe huanza pale laptop mpya inapoletwa mezani.

Toleo la DOS huifikia diski kwa kuongea moja kwa moja na kontrola ya IDE (mfumo wa zamani wa kuendesha diski), au kupitia BIOS, programu ya msingi inayowasha kompyuta. Kontrola ikiwa kwenye AHCI (mfumo mpya zaidi wa diski za SATA), mara nyingi Ghost huganda inapojaribu njia ya kwanza. Ianzishe kwa ghost -fni ili ipite kwenye BIOS. Ikigoma, badili SATA kuwa IDE kwenye mipangilio ya BIOS, fanya kazi yako, kisha urudishe AHCI kabla ya kuwasha Windows. Ukisahau, utakutana na skrini ya bluu yenye kosa 0x7B. Mashine nyingi mpya hutumia UEFI, mrithi wa BIOS, na zimeondolewa kabisa CSM, sehemu inayowasha mifumo ya zamani, kwa hiyo hata DOS yenyewe haiwaki.

Hapo tumia Ghost64 (Ghost ya biti 64) ndani ya WinPE ya Windows 10, yaani Windows ndogo inayowaka kutoka kwenye flashi, ambayo tayari ina draiva ya NVMe, aina ya SSD za kasi za sasa. Laptop za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea zina mtego mwingine: VMD, kipengele cha Intel cha kusimamia diski za NVMe, ikiwa imewashwa, diski haionekani. Pakua draiva ya RST (draiva ya diski ya Intel) kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptop, ifungue, weka folda kwenye flashi, kisha (hapa D: ndiyo flashi):

drvload D:\vmd\iaStorVD.inf

Hakikisha kwa diskpart na list disk kwamba diski imeonekana, ndipo ufungue Ghost. Kuzima VMD kunaonekana rahisi zaidi, lakini Windows iliyowekwa VMD ikiwa imewashwa inaweza kukataa kuwaka, na BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data ya diski, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Mwombe mwenye mashine ufunguo huo kabla hujagusa chochote.

Kinachowachanganya wengi ni kurejesha. Ghost inasema imemaliza salama, Windows haiwaki. Imeji ya MBR, mpangilio wa zamani wa diski, haitawaka kwenye mashine ya UEFI pekee, inayotaka mpangilio mpya wa GPT: kwa Windows 10 ya biti 64, endesha mbr2gpt /validate /disk:0, ikikubali endesha tena kwa /convert. VMD ikibaki imewashwa, ipandikize draiva ndani ya Windows iliyorejeshwa (hapa W: ndiyo Windows):

dism /image:W:\ /add-driver /driver:D:\vmd /recurse

Imeji ya Windows 7 usiisumbukie kwenye NVMe. Haikuja na draiva hiyo.

Flashi ya FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi, hivyo kata imeji kwa -split=2000 na utunze vipande vyote vya .ghs, kimoja kikipotea, imeji haikamiliki. Ikague kwa -chkimg kabla ya kufuta diski ya mteja. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kurejesha, diski inabaki nusu na unaanza upya.

Kwa kazi mpya, chagua Clonezilla: ni ya bure, na inatambua NVMe na GPT. Haifungui .gho (faili la imeji ya Ghost), kwa hiyo Ghost ibaki kwa imeji za zamani, na Ghost Explorer itakutolea faili mojamoja. Ila Clonezilla kwa kawaida hukataa diski iliyo ndogo kuliko ya awali, hata kama data ni kidogo; kutoka GB 500 kwenda SSD ya GB 256, punguza kwanza patisheni kwa GParted, programu ya kupanga patisheni.