Bodaboda wa kupeleka mizigo, Kariakoo: nauli kwanza, kiatu baadaye

Nauza viatu vya mtumba vya kike Instagram, mzigo nachukua soko la Karume. Wenzangu mnaijua adha hii: mteja anaagiza kwa mbwembwe, boda akishafika Tegeta simu haipokelewi, nauli ya kwenda na kurudi inabaki juu yako.

Vijana hawa wa Mtaa wa Msimbazi wana utaratibu ninaoupenda sana. Pikipiki haiwashwi kabla mteja hajatuma nauli kwa M-Pesa. Pesa ya kiatu anatoa akishakijaribu mlangoni. Asipokitaka kinarudi, ila nauli ndiyo imekwenda. Naona ni haki kwa pande zote, maana mtumba lazima mtu aukague, soli inaweza kuwa imeachia. Wiki jana dada mmoja wa Mbezi alikataa raba, zilimbana vidoleni. Dereva akanipigia hapo hapo, akatuma picha, raba zikarudi safi ndani ya boksi lake.

Kinachoniuma ni kwamba mzigo ukirudi, muuzaji anatozwa nusu ya nauli. Sisi tunaowapa kazi kila siku watufikirie. Na Jumamosi jioni wanachelewa mno, tumeni mapema.