Stilwaya niliiacha: uzoefu wangu na pedi za nailoni kwenye stenlesi

Mwaka jana nilifunga reli ya ngazi kwenye nyumba moja Kigamboni, paipu za stenlesi za daraja la 304, milimita 50, finishi ya brashi, yaani yenye mistari myembamba badala ya kung'aa kama kioo. Kazi ilipendeza. Wiki ya tatu mwenye nyumba akanitumia picha: vidoa vya kutu kama punje za pilipili manga, vimezunguka kila nilipochomelea. "Fundi, si ulisema hii haishiki kutu?"

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemalizia kwa stilwaya, lile furushi la nyuzi za chuma la kusugulia. Nyuzi zake ni chuma cha kawaida, zinakatika na vipande vinabaki ndani ya mikwaruzo; upepo wa bahari ukivipata vinaota kutu, stenlesi inasingiziwa. Nikairudia reli nzima bure, safari hii kwa pedi za nailoni, zile ambazo karakanani kwetu tunaziita skochi hata kama kampuni ni nyingine.

Ni ndugu wa lile dodoki la kijani la kusugulia sufuria. Nyuzi za nailoni zimeshikamana ovyo ovyo, hazikufumwa, na punje za msasa zimegandishwa humo kwa gundi ngumu. Vumbi linapita kwenye matundu, kwa hiyo haizibi upesi kama msasa wa karatasi. Nikiikunja mara tatu na kuishika kwa kiganja, inalala juu ya paipu hadi kwenye kona bila kuacha sehemu bapa.

Ninayoitumia zaidi ni ya rangi ya damu ya mzee, yenye punje za aluminiumu oksaidi. Navuta ndefu, kufuata mistari ya paipu, wala sizungushi mkono. Ukizungusha, taa ikiwashwa usiku mteja ataona vimiduara vyote. Kisha napitisha ya kijivu, ya silikoni kabaidi, ambayo ni laini zaidi na inaacha mng'ao uliopoa. Nyeupe ni ya kusafishia tu, karibu haikwaruzi. Lakini rangi si sheria. Niliwahi kununua za kijivu za kampuni nyingine, zikakwaruza kuliko damu ya mzee niliyoizoea. Siku hizi nasoma kifungashio, halafu najaribu kwenye kipande cha paipu kilichobaki.

Malalamiko mengi ninayosikia kwa mafundi wenzangu ni kwamba "haifanyi kazi". Inafanya, ila haili chuma sana, na mimi naipendea hapo hapo, kwa sababu paipu inabaki na umbo lake. Ukiacha alama ya kina ya grenda ukategemea pedi iifute, utasugua mpaka magharibi na alama itabaki, imeng'aa. Mimi weldi naisawazisha kwa flapu (diski ya vipande vya msasa inayofungwa kwenye grenda) ya namba 80, kisha 120, halafu msasa wa 180, namba ikipanda punje ni laini zaidi, ndipo pedi inaingia. Ukiruka hatua moja hapo katikati, reli itakuumbua juani.

Nilinunua pia gurudumu lake la kufunga kwenye mashine. Hapo niliungua mfuko. Grenda yangu ndogo inazunguka mara 11,000 kwa dakika na haina kipunguza mwendo. Gurudumu lilikuwa limeandikwa mwisho 4,500, nami sikusoma. Ndani ya dakika moja nailoni iliyeyuka ikapaka paipu mstari mweusi unaonata, na vipande vikaanza kuruka. Bahati nilikuwa na miwani. Bila mashine yenye kipunguza mwendo, heri mkono.

Bei ni kubwa kuliko msasa wa karatasi, sikatai, ila pedi moja ya inchi 6 kwa 9 naikata vipande vitatu na kila kipande kinamaliza kazi kadhaa. Zile za bei ya chini kabisa nilizojaribu zilipukutisha punje sakafuni kabla hata ya mita mbili za paipu.

Kitu kimoja nakuwa mkali nacho: pedi iliyogusa geti la chuma cheusi haigusi tena stenlesi, maana inabeba unga wa chuma na tunarudi kule kule kwa stilwaya. Za stenlesi nazipiga alama ya kalamu na kuzifungia kwenye kopo lake. Kijana wangu wa kazi alishachukua moja humo akaenda kusugulia sufuria ya ugali. Ilitakata kweli, lakini pedi nilimkata kwenye posho.