Mtoto kiziwi: shule jumuishi au shule ya viziwi, wapi atapata marafiki?

Wazazi wa Dar huulizana hili kila Januari. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto kiziwi haki ya kusoma shule jumuishi, yaani pamoja na wenzake wanaosikia, lakini urafiki hauletwi na sheria.

Kwa lugha, shule ya viziwi kama ile ya Buguruni iko mbele sana. Pale mtoto anatania, anagombana, anasimulia ndoto yake kwa lugha ya alama, na wenzake wanamwelewa. Kwenye darasa jumuishi, wenzake wasipofundishwa alama, atakaa katikati ya watoto wengi akiwa mpweke. Hilo linaniuma.

Kwa marafiki wa mtaani, jumuishi inashinda. Mpwa wangu, ambaye ni kiziwi, alimfundisha mwenzake wa dawati moja anayesikia alama ya "maji", kisha "rusha". Siku hizi jioni wanacheza rede uchochoroni, na huyo mwenzake ndiye anayewatafsiria wengine.

Nauli? Shule iliyo karibu na kwenu ndiyo nafuu.

Kama mwanao hana lugha bado, ningeanza na viziwi wenzake. Kama alama anazo, na mwalimu anazijua, mpeleke akasome na watoto wa mtaani kwake.