Gramafoni ya dhahabu huenda kwa albamu inayostahili? Tathmini ya Grammy, Mercury na Polaris

Mtu anayetaka kuzijua albamu kubwa zilizompita ana njia moja ya mkato: anafungua orodha ya washindi wa Albamu ya Mwaka ya Grammy, tuzo ya muziki ya Marekani ambayo kombe lake ni gramafoni ya dhahabu, na kuanza kushuka nayo. Orodha hiyo ipo tangu 1959, Henry Mancini alipoibeba ya kwanza kwa muziki wa kipindi cha televisheni cha Peter Gunn. Hapa tunaipima kama inavyopimwa huduma nyingine yoyote: imeahidi kumpa msikilizaji albamu bora ya mwaka, je, inampa? Mara nyingi haimpi. Na kosa si kwamba wapiga kura hawana masikio. Kosa kubwa liko kwenye namna kura zinavyopigwa na kuhesabiwa.

Tuanze na ushahidi. Mwaka 1967 Revolver ya The Beatles ilikuwa miongoni mwa albamu tano zilizowania, ikashindwa na A Man and His Music, ambamo Frank Sinatra anasimulia safari yake na kupitia tena nyimbo zake za zamani. Pet Sounds ya The Beach Boys, iliyotoka mwaka uleule na Revolver, haikuingia hata kwenye tano hizo. Mwaka 1972 ilishinda Tapestry ya Carole King, na hiyo hatuigombi, ni kazi safi. Lakini What's Going On ya Marvin Gaye haikupewa hata nafasi ya kuwania. Mwaka 1985 Purple Rain ya Prince na Born in the U.S.A. ya Bruce Springsteen zilikuwa mezani kwa pamoja, na gramafoni ikaenda kwa Can't Slow Down ya Lionel Richie. Mwaka 2001 Kid A ya Radiohead na The Marshall Mathers LP ya Eminem zilishindwa na Two Against Nature ya Steely Dan, bendi iliyokuwa imefanya kazi zake bora miaka ya sabini. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoonyesha tabia ya tuzo hii waziwazi: mara kwa mara humlipa mtu deni la miaka ishirini iliyopita kwa fedha za mwaka huu.

Isionekane kwamba haijawahi kupatia. Stevie Wonder alichukua tatu, 1974, 1975 na 1977, na hakuna hata moja ya kuulizia. Alipopumzika, mwaka 1976, Paul Simon alishinda na akamshukuru Stevie jukwaani kwa kutotoa albamu mwaka huo. Thriller ilishinda 1984, The Miseducation of Lauryn Hill 1999, Speakerboxxx/The Love Below ya Outkast 2004. Kuna miaka ambayo albamu bora huwa kubwa kiasi kwamba hakuna wa kugawana nayo kura. Shida huja kwenye miaka ya kawaida.

Mfumo wenyewe uko hivi. Kura ina raundi mbili: ya kwanza hutoa wateule, ya pili hutoa mshindi. Vipengele vikuu ni sita, Albamu ya Mwaka ikiwa mojawapo, na humo hupiga kura wanachama wote wa Recording Academy, chama cha watu wa muziki kinachotoa Grammy, wenye haki ya kura. Nje ya hivyo sita, mwanachama anaruhusiwa vipengele visivyozidi kumi, navyo visitoke kwenye zaidi ya nyanja tatu za muziki. Maana yake, kwenye Albamu ya Mwaka, mpiga fidla wa okestra na prodyuza wa rap wana uzito sawa kabisa, hata kama mmoja hajawahi kusikiliza albamu ya rap mwanzo hadi mwisho.

Wateule walikuwa watano hadi 2018. Mwaka 2019 wakawa wanane, 2022 na 2023 wakafika kumi, na tangu 2024 wamerudi wanane. Kwenye raundi ya mwisho mpiga kura anachagua albamu moja tu. Hapangi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hakuna duru ya pili kati ya mbili zilizoongoza. Anayepata kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi, basi. Piga hesabu: zikipigwa kura 8,000 kwa albamu nane, moja inaweza kushinda kwa kura 1,001, huku watu 6,999 wakiwa wametaka nyingine. Kuongeza wateule kulionekana kama ukarimu, kumbe kulishusha kiwango cha kura kinachotosha kushinda. Albamu inayofaidika ni ile isiyo na mwenzake wa aina yake kwenye orodha, isiyomuudhi mtu, na yenye jina ambalo kila mwanachama analijua. Mbili za aina moja hunyang'anyana wapenzi. Academy haitangazi idadi ya kura, kwa hiyo hakuna wa kuthibitisha kilichotokea mwaka fulani, lakini hesabu haihitaji siri hiyo ili ieleweke.

Kulikuwa na dawa, nayo ikageuka sumu. Baada ya orodha ya 1995, ambamo tamasha la waimbaji watatu wa opera liliwania na Tony Bennett akashinda kwa MTV Unplugged, Academy iliunda kamati za siri za kuchuja wateule wa vipengele vikuu. Kamati hizo ziliboresha orodha, hilo lazima lisemwe. Ila watu wachache wasiojulikana majina, wanaoweza kumpitisha au kumkata yeyote bila kujieleza, hawawezi kuaminiwa milele. The Weeknd alipokosa hata uteuzi mmoja mwaka 2021, pamoja na albamu yake After Hours, akatangaza kuisusia tuzo hiyo. Mwaka huohuo kamati za siri zikafutwa kwenye vipengele hivyo.

Yapo mambo ya kiofisi ambayo msikilizaji wa kawaida hayajui na ambayo huharibu orodha kimyakimya. Kalenda ya Grammy haifuati mwaka wa ukutani: kwa sherehe ya 2025 zilihesabiwa kazi zilizotoka kati ya 16 Septemba 2023 na 30 Agosti 2024. Ndiyo maana albamu iitwayo 25 ya Adele, iliyotoka Novemba 2015, ilishinda Februari 2017, ikiwa na umri wa miezi kumi na tano. Pia albamu isiyowasilishwa haihesabiwi, iwe nzuri namna gani. Frank Ocean hakuiwasilisha Blonde, kwa hiyo kutoiona kwenye orodha ya 2017 hakusemi lolote kuhusu ubora wake. Halafu kuna hesabu ya wachangiaji: tangu 2024, prodyuza, mtunzi au msanii mwalikwa huhesabiwa mteule wa Albamu ya Mwaka iwapo mchango wake umefika asilimia 20 ya muda wote. Kwa albamu ya dakika 60 hiyo ni dakika 12. Aliyetengeneza nyimbo mbili za dakika tano-tano, hata kama ndizo zilizoibeba albamu nzima, hayumo.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni la kupima albamu kwa nyimbo zake chache zinazovuma. Chukua To Pimp a Butterfly ya Kendrick Lamar, nyimbo 16, karibu dakika 79. Kuna shairi linaanza kusikika mapema katikati ya nyimbo, mistari miwili tu, kisha linakatika. Wimbo unapita, shairi linarudi na kuongezewa kidogo. Linaendelea hivyo hadi wimbo wa mwisho, linaposomwa lote, na hapo ndipo unagundua kwamba muda wote lilikuwa linasomwa mbele ya Tupac Shakur, aliyeuawa 1996, ambaye sauti yake imetolewa kwenye mahojiano ya zamani ikawekwa kama anajibu. Ukisikiliza nyimbo tatu za redio hukutani na mjengo huo. Mwaka 2016 albamu hii ilipata Albamu Bora ya Rap, lakini ile kubwa ikaenda kwa albamu iitwayo 1989 ya Taylor Swift, ambayo nyimbo zake zimekatwa vizuri moja moja. Kama tuzo ingekuwa ya mkusanyiko wa nyimbo, tusingekuwa na la kusema. Jina lake ni Albamu ya Mwaka. Miaka miwili baadaye DAMN. ya Kendrick huyohuyo ilishindwa na 24K Magic ya Bruno Mars, na miezi michache baada ya hapo ikapewa Pulitzer ya muziki, tuzo nyingine ya heshima ya Marekani. Beyoncé naye alishindwa mara nne, Lemonade ikiwemo, kabla ya kupewa 2025 kwa Cowboy Carter.

Kwa msikilizaji wa Afrika kuna tahadhari ya pekee. Kipengele cha muziki wa Afrika kilichoanza 2024, ambacho Tyla alikuwa wa kwanza kukichukua kwa "Water", ni cha wimbo mmoja mmoja. Albamu nyingi zetu hupelekwa kwenye kapu la muziki wa dunia, ambalo hadi 2020 liliitwa hivyo waziwazi, na huko zinakutana na India, Peru na kila kona nyingine. Mwaka 2024 Timeless ya Davido na I Told Them ya Burna Boy zilipambana humo na Shakti, kundi lenye mizizi ya muziki wa Kihindi, na Shakti wakashinda. Nani anaweza kulinganisha vitu hivyo kwa haki? Wapo wanaopita mlango mwingine: J.S. Ondara, Mkenya mwenye gitaa lake, aliwania Albamu Bora ya Americana, yaani muziki wenye mizizi ya kiasili ya Marekani, mwaka 2020 kwa Tales of America. Anayetafuta muziki wa Waafrika ndani ya Grammy asiishie kwenye vipengele vyenye jina la Afrika au dunia.

Mercury ya Uingereza, iliyoanza 1992, ni huduma ya aina tofauti. Albamu 12, jopo dogo la waamuzi wanaozisikiliza zote na kubishana ana kwa ana, mshindi mmoja, wasanii wa Uingereza na Ayalandi tu. Nayo imeteleza: 1994 ilimpa M People na kuiacha Parklife ya Blur, na Radiohead hawajashinda hata mara moja. Kampuni hulipia ada ili kuwasilisha albamu, jambo linalowaumiza wadogo. Hata hivyo jopo dogo linaweza kuthubutu. Mwaka 1997 liliichagua New Forms ya Roni Size na Reprazent mbele ya OK Computer ya Radiohead; hatukubaliani nalo, lakini huo ni uamuzi wa watu waliosikiliza. Mwaka 2020 lilimpa Michael Kiwanuka, mzaliwa wa London mwenye wazazi Waganda, kwa albamu yake ya tatu, iitwayo Kiwanuka, baada ya zile mbili za mwanzo nazo kuwania. Ukiisikiliza Kiwanuka bila kukatisha, nyimbo zikipokezana kama ngoma moja ndefu, utaona walichokiona.

Polaris ya Kanada, tangu 2006, ndiyo yenye utaratibu tunaoupenda zaidi. Waandishi na watangazaji wa muziki wapatao mia mbili hupiga kura kwa kupanga albamu kwa nafasi, ya kwanza ikipata alama nyingi kuliko ya pili, na kuendelea. Hutoka orodha ya 40, kisha ya 10, na mwishoni watu 11 hujifungia chumbani kumpata mshindi. Mauzo hayaulizwi. Ndiyo maana majina yasiyo na kampuni kubwa nyuma yao hufika mbali, akiwemo Shad, aliyezaliwa Kenya kwa wazazi Wanyarwanda, ambaye ameingia kumi bora zaidi ya mara moja.

Tukitoa alama: Polaris nane kwa kumi, Mercury saba, Albamu ya Mwaka ya Grammy tano. Tano hiyo ingekuwa nne, ila orodha ya wateule wake ni bora kuliko orodha ya washindi. Kwa hiyo itumie hivi: puuza mshindi, chukua wateule wote wa mwaka, kisha angalia nani alishinda kwenye vipengele vya rap, R&B na muziki mbadala, ambako wapiga kura wamebanwa kwenye nyanja wanazochagua wenyewe. Nako kuwa macho. Mwaka 2014 The Heist ya Macklemore na Ryan Lewis iliishinda good kid, m.A.A.d city ya Kendrick Lamar kwenye rap, na mwaka 1989 Jethro Tull waliwashinda Metallica kwenye roki nzito na metali.

Bora kuliko orodha zote za Grammy ni ile isiyotangazwa kwa mbwembwe: Grammy Hall of Fame. Humo rekodi haiingii kabla ya kutimiza miaka 25, na huchaguliwa na kamati maalumu. Revolver imo. Pet Sounds imo. What's Going On imo pia, na ndiyo tungemshauri mtu aanze nayo. Ni nyimbo tisa, dakika 35 hivi. Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, na kama simu yako ina mpangilio wa kuacha ukimya kati ya nyimbo, uondoe, kwa sababu nyingi za nyimbo hizi zimeunganishwa. Kisha subiri mwisho wa wimbo wa tisa: mashairi ya wimbo wa kwanza yanarudi.