Jagi la Udongo Lililofinyangwa kwa Mkono: Tuutazame Mdomo Wake

Hamjambo watazamaji wangu, na karibuni tena. Leo nina jagi moja tu mezani, la udongo, lililofinyangwa kwa mkono juu ya gurudumu, na nimeingoja siku hii kwa hamu kubwa. Ujazo, urefu na rangi zake mtavisoma katika maelezo yaliyo chini ya video. Mimi nataka tuutazame mdomo.

Nasogeza kamera. Mfinyanzi aliuvuta ukingo huu kwa kidole udongo ukiwa bado mbichi, huku vidole viwili vya mkono wa pili vikiubana kushoto na kulia, kisha akauacha ukiwa mwembamba, mkali kidogo na ulioinama. Sasa namimina, tena polepole, kwa sababu hapo ndipo majagi mengi huumbuka. Nasimamisha. Maji yamekatika papo hapo! Napitisha karatasi chini ya mdomo, nayo inatoka kavu. Narudia kwa maji machache zaidi, kama uzi, na bado karatasi ni kavu.

Sasa naleta jagi la pili ili tulinganishe: hili ni la kiwandani, nimelitumia miaka miwili. Udongo wa majimaji ulimiminwa katika kalibu ya plasta, na ukingo ukatoka mnene, wa mviringo. Tazameni maji yanapopungua kasi: yanaung'ang'ania ukingo, yanageuka, yanatambaa upande wa chini, na sasa kitambaa cha meza kimelowa. Miaka miwili nimefuta meza nikidhani kosa ni la mkono wangu, kumbe ni la ukingo.

Kuhusu uzito, rai yangu imebadilika. Siku ya kwanza nililibeba likiwa tupu, nikaandika katika daftari kwamba ni zito mno. Baada ya wiki tatu nimetambua kwamba sehemu kubwa ya uzito huo iko kitakoni, ndiyo maana halipinduki likigongwa na kiwiko, na mshikio unapokea vidole vinne bila kuvibana. Hata hivyo, likijaa pomoni, mtu mwenye maumivu ya kifundo cha mkono atahitaji mkono wa pili.

Kilichoniudhi ni kitako. Hakikupakwa glezi, yaani ule upako wa juu wa vyombo vya udongo, na sababu yake naielewa: glezi huyeyuka tanurini ikawa kioo, na ingeligandisha jagi kwenye rafu. Lakini kukiacha kikwaruze meza ni uzembe, maana kazi yenyewe ni ya dakika chache. Nilikisugua kwa msasa laini uliolowa maji, ili vumbi lisiruke nikalivuta puani, na sasa kinateleza vizuri.

Mtaniuliza kuhusu bei, kwa kuwa ni ghali kuliko lile la kiwandani. Udongo wa aina hii husinyaa kwa takriban asilimia 10 hadi 12 tangu unapofinyangwa hadi unapotoka tanurini, kwa hiyo mfinyanzi hufinyanga chombo kikubwa kuliko anachokikusudia. Hukichoma mara mbili, kwanza karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, kisha karibu 1,250, na unyevu ukiwa umebaki ndani katika uchomaji wa kwanza, mvuke hukipasua chombo na kazi yote hupotea. Kwa mdomo kama huu, mimi nalipa bila kunung'unika.

Nililiacha usiku kucha limejaa maji juu ya karatasi, na asubuhi karatasi ilikuwa kavu. Msilitoe kwenye jokofu mkalimiminia maji yanayochemka, kwani badiliko la ghafla la joto huupasua udongo.

Video ijayo ni birika la mfinyanzi huyuhuyu, na mdomo wake ni mrija, jambo lililo gumu zaidi. Kabla ya hapo, nawaomba mmimine polepole kwa majagi yenu, mpitishe kidole chini ya mdomo, kisha mniandikie ukingo wake ukoje.