Deki ya DVD, hom thieta ya mtumba na waya wa optiki: uzoefu wangu

Mwaka jana nilinunua hom thieta ya mtumba Kariakoo, spika tano na sabufa yake, mzigo wa kutoka Uingereza. Ya Uingereza niliichagua makusudi. Za Japani zinatumia umeme wa volti 100, siku ukisahau transfoma umeshaichoma. Bei ilikuwa nzuri, na sababu ya uzuri wake niliijua nilipofika nyumbani: kila ukiweka diski tatu, inasoma moja. Dukani tulikuwa tumeijaribu kwa flashi tu, uzembe wangu huo.

Fundi wa mtaani akasema lenzi imechoka na ya aina ile haipatikani kirahisi. Nikaona isiwe tabu. Nina deki ya DVD ya Kichina, ya bei chee, lakini inasoma hata diski zilizochubuka kama magoti ya mtoto. Deki isome, hom thieta iimbe.

Nilianza pale anapoanzia kila mtu, waya mwekundu na mweupe. Muziki ukatoka, tena wa nguvu, ila spika za nyuma kimya. Nikabonyeza Pro Logic kwenye rimoti, kitufe cha kuigawa sauti ya njia mbili kwenye spika zote, zikaamka na kutoa kitu kama mwangwi wa bafuni. Waya hizo mbili hubeba kushoto na kulia basi, mengine yote hom thieta inabahatisha. Wakati huohuo DVD nyingi za filamu kubwa zimerekodiwa sauti za 5.1, yaani spika tano kila moja na sehemu yake, na sabufa na yake, zikabanwa kwa mfumo wa Dolby Digital au wa DTS. Kwa deki yangu, mlango pekee wa kuzitoa zote hizo ni tundu la kidijitali.

Nikageuza vyombo vyote viwili kuangalia migongo. Hom thieta ina tundu moja tu la kupokea sauti ya kidijitali, la optiki, lile lenye kifuniko kidogo. HDMI ipo, lakini ni ya kupeleka picha kwenye TV, haipokei kitu. Deki nayo ina koaksia tu, tundu la duara la rangi ya chungwa. Wote wawili wanaongea lugha moja, S/PDIF, ambayo herufi zake S na P ni Sony na Philips walioibuni. Tatizo mmoja anaisema kwa umeme, mwenzake anaisikia kwa mwanga.

Kariakoo tena. Nikiwa sijafikiri sawasawa, kijana akanishika: "Bosi, optiki hii hapa, mita tatu, elfu kumi na mbili, inaunga chochote." Nikanunua. Haiungi chochote. Ikabidi nirudi siku nyingine kutafuta konveta ya kugeuza koaksia iwe optiki, kisanduku cha ukubwa wa kiberiti, shilingi elfu ishirini na tano. Hapa kuwa makini kuliko mahali pengine popote: zipo za kutoa optiki kwenda koaksia, na zipo za koaksia kwenda optiki, na kwa sura ni mapacha. Niliyopewa kwanza ilikuwa kinyume. Bahati nzuri niliisoma maandishi yake palepale, nikabadilishiwa bila ugomvi. Inakula volti 5, mimi naiwasha kwa chaja ya simu ya zamani. Waya wa koaksia sikununua. Ule wa njano wa picha, uliokuja na deki, unafaa kabisa kwa kazi hiyo.

Usiku huo nilipigana na plagi ya optiki dakika kumi nzima. Inagoma kuingia, naisukuma, inagoma, namlaani kijana wa watu. Mama watoto akaichukua, akaitazama chini ya taa, akachomoa kikofia cha plastiki angavu kwenye ncha. Kila ncha ina chake. Sikusema neno. Ukishavitoa, washa deki na uangalie upande wa pili wa waya: ukiona mwanga mwekundu, angalau konveta inatoa mwanga. Kwa mtu ambaye hana kipimo chochote cha umeme, hiyo ndiyo testa ya bure.

Nikaichomeka, kwa rimoti nikachagua D.IN, yaani tundu la kidijitali, sauti ikaja. Kioo cha hom thieta kikaandika PCM, yaani sauti iliyokwisha kufunguliwa, na spika za nyuma bado zimelala! Nilikaribia kuamini nimepoteza elfu thelathini na saba. Kumbe kosa halikuwa kwenye waya. Deki hizi zikitoka kiwandani mara nyingi huwekwa zifungue zenyewe ile sauti iliyobanwa, ziichanganye kuwa njia mbili, halafu ziitume. Unaingia kwenye menyu ya mipangilio, sehemu ya sauti, unatafuta SPDIF, unatoa SPDIF/PCM unaweka SPDIF/RAW. Maana yake: usinitafunie, nipe kibichi, atakula mwenyewe. Kioo kikabadilika kuandika DOLBY D, mvua ya kwenye filamu ikahama kutoka kwenye TV ikaanza kunyesha nyuma ya kochi. Mtoto wa mwisho aligeuka kuangalia dirisha.

Ikatatuka na shida nyingine niliyokuwa nimeshaisahau. Nina diski mbili ambazo ukichagua DTS zilikuwa bubu kabisa, nikadhani mbovu. Deki yangu haijui kuifungua DTS, lakini kwenye RAW haihitaji kujua, inaipitisha tu. Na ule mlio wa "mmmm" uliokuwa unasikika kila king'amuzi kikiwa kimeunganishwa hausikiki ukiwa kwenye optiki, kwa kuwa waya wa mwanga hauna shaba ya kuuleta.

Miezi mitatu sasa, sijajuta. Ila usitegemee muujiza. Bongo Movie nilizonazo, na zile za kutafsiriwa na ma-DJ, zimerekodiwa njia mbili au moja, hata uzipitishe wapi zitabaki hivyo. Mwenye deki ya Blu-ray na hom thieta inayopokea HDMI asihangaike na optiki, kwani Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, zile sauti bora za Blu-ray, hazipiti humu. Waya wenyewe usiukunje kona kali nyuma ya kabati, utakatika ndani na nje usione kitu. Na sauti unaipandisha kwa rimoti ya hom thieta, ile ya deki haifanyi kazi tena.

Lililonitia matatani nyumbani ni karaoke. Deki ina tundu la maikrofoni, na watoto Jumamosi huimba kwaya hadi majirani wachoke. Kwenye RAW maikrofoni haichanganywi na chochote, wakaimba midomo mitupu, wakaja kunishtaki kwa mama yao. Kwa hiyo waya mwekundu na mweupe nimeurudisha mahali pake, upo pamoja na optiki. Filamu naweka D.IN, Jumamosi jioni naweka AUX, yaani tundu la waya mwekundu na mweupe, nakwenda kukaa barazani.